Mkulima Yuko kwa Simu

Tulimwita Mkulima, na kwa miaka yote niliyosimama naye mlangoni sikuwahi kumwona ameshika jembe. Alishika redio ya ulinzi, alishika kikombe cha chai ya maziwa ya kopo, na zaidi ya yote alishika simu. Sote wawili tulikuwa walinzi katika jengo moja refu la ofisi huko West Bay, Doha. Yeye alikagua wanaume, mimi nilikagua wanawake, na katikati yetu kulikuwa na meza ya marumaru ambayo tulikatazwa kuiegemea. Jina lake silitaji, kwa sababu akisoma haya atanipigia, na mtu yule akipiga simu hamalizi.

Wengine wakimkumbuka mzee wa watu huanza na machozi. Mimi naanza na hasira, halafu tutaona. Alinikosesha ng'ombe. Hakuniibia, alinishauri tu, na mimi niliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri katika somo la kilimo nikamsikiliza mtu anayelima kwa kidole gumba. Kwa hiyo hasira yangu naigawa nusu kwa nusu, na nusu yangu ni kubwa kidogo.

Nyumbani Kenya watu kama yeye huitwa wakulima wa simu, na Doha imejaa hao. Dereva wa basi letu alikuwa na kuku wa mayai kwenye simu. Dada mmoja wa usafi alikuwa na vitunguu kwenye simu. Ukiona Mkenya amesimama kwenye kivuli cha kituo cha basi, jasho linamtiririka, anapiga kelele kuhusu minyoo, usishtuke. Hayuko hapo. Yuko zizini. Lakini yeye peke yake ndiye aliyepewa cheo cha Mkulima, kwa sababu wengine walipiga simu shambani na yeye aliishi humo.

Kila mapumziko alishuka kwenye ngazi za maegesho, mahali penye mtandao mzuri na joto baya, akampigia Mutwiri. Mutwiri alikuwa mtu mzima aliyeishi kwenye lile shamba na mkewe na watoto wake, akilima viazi na kukamua ng'ombe wa Mkulima. Sisi walinzi wote tulimjua Mutwiri kwa sauti bila kumwona.

"Mutwiri! Geuza simu. Geuza tena. Sio uso wako, uso wako naujua. Nionyeshe mfereji."

"Huu hapa, Mzee."

"Mbona umekaa hivyo?"

"Umekaa vile mifereji hukaa, Mzee."

"Usinijibu. Sasa niweke karibu na ng'ombe."

Hapo alifumba macho, simu sikioni, akimsikiliza ng'ombe akitafuna. Nakwambia ukweli, alikuwa akimsikiliza ng'ombe akitafuna, umbali wa bahari na jangwa, huku magari ya kifahari yakimpigia honi asogee. Kisha alitoa uamuzi. "Huyo anatafuna kwa mawazo. Muongezee chumvi." Nilikuwa nikicheka mpaka mudir, yaani msimamizi wetu, anatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia kama mtu anayepiga muhuri. Kila Januari alisema, "Mwaka huu ndio wa mwisho." Kila mkataba ulipoisha alisaini tena. Ukimuuliza, alisema shamba bado linadai tangi la maji, au ua, au banda. Shamba lile lilikuwa na mahitaji kuliko mke. Na kulikuwa na hili lingine, ambalo natamani angelinyamazia: "Mwenye shamba ni yule anayeamua. Wanaolima ni mikono tu." Alilisema akiwa ameketi, miguu kwenye ndoo ya maji baridi kwa sababu ya kusimama, kofia ya kampuni pembeni. Na sisi vijana tulitikisa vichwa kama wanafunzi, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na kitu fulani nyumbani ambacho alikuwa akikiamua kutoka mbali, na ilikuwa raha kusikia kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Alikuwa mchoyo. Kifuko kimoja cha majani ya chai alikichovya asubuhi, akakianika kwenye kifuniko, akakichovya jioni. Lakini kulikuwa na siku moja ambayo inanizuia kumchukia nikamaliza.

Nilipofika Doha nilikuwa nimemwachisha mwanangu Kendi ziwa kwa nguvu. Kwa nguvu yangu, si yake. Alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, nilimwachia mama yangu, nikapanda ndege na kifua kimefungwa leso. Wakala alikuwa ameniambia maziwa yatakauka yenyewe. Wiki yangu ya kwanza kazini akaingia mwanamke na mtoto mchanga anayelia, na maziwa yangu yakaja yote, mbele ya watu, yakapenya leso, yakapenya shati jeupe la kampuni. Nikasimama pale na kigundua vyuma mkononi kama mjinga. Mkulima hakuniangalia hata mara moja. Alivua koti lake, akalitupa mezani upande wangu, akageukia ukuta, akampigia Mutwiri simu. Akaanza kumgombeza kuhusu uzio kwa sauti iliyojaza ukumbi mzima. Watu wote wakamtazama yeye. Aligomba mpaka nikajifunika, nikalia, nikamaliza, nikajipangusa. Mudir akamkata mshahara kwa kelele zile. Baadaye nikamwambia, "Asante, Mzee." Akasema, "Kwa nini? Uzio ulikuwa umeanguka kweli."

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nilimwamini katika mambo ya pesa za corona, jibu ni lile koti. Ni jibu la kipumbavu. Mtu kukupa koti hakumaanishi anajua habari za serikali.

Ijumaa tulienda pamoja Mesaimeer, kwenye makanisa. Huko pia alikuwa yeye yule. Ilipofika ibada ya shukrani ya mavuno, watu walileta walichopata: mchele, mafuta, ndizi za kununua. Mkulima akapanda mbele na simu, ameiinua juu kwa mikono miwili, kwenye kioo kuna picha ya gunia la viazi. Mchungaji wetu, Mganda mpole sana, alisita. Akatazama simu, akamtazama Mkulima. Kisha akaibariki simu. Nilicheka mpaka mama mmoja wa kamati akanishika kiwiko akanitoa nje, na huko nje kwenye jua nikaendelea kucheka peke yangu, mimi ambaye asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeibusu simu kwa sababu Kendi alikuwa ndani yake.

Safari nyingine alitukokota mpaka Umm Salal kuona shamba la mboga, kwa sababu alisikia huko matango yanalimwa ndani ya nyumba zenye hewa baridi. Mfanyakazi wa shamba, kijana wa Nepal, alituzungusha kwa adabu. Mkulima akainama, akachota mchanga, akaumwaga kati ya vidole. "Huu si udongo, Mama Kendi. Hii ni sukari." Kijana akatupa tango kila mmoja. Mkulima akasema yeye hawezi kula kitu kilichokuzwa na umeme. Kwenye basi akala lake, kisha akaniuliza kama langu nalihitaji.

Sasa nifike kwenye corona.

Jengo letu lilibaki tupu. Wenye ofisi walikaa majumbani mwao, na sisi tukabaki kulinda marumaru. Tulipewa kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola, na wengi tuliowapima ni sisi wenyewe. Kampuni ikaanza kulipa nusu, kisha ikawa inalipa ikikumbuka. Nyumbani nako shule zilifungwa, hoteli zikafungwa, na viazi havikuwa na mtu wa kuvinunua. Nilikuwa nimekodi nusu ekari kwa mshahara wa Doha, na mama yangu alikuwa akiilima. Mavuno yale yalikuwa mazuri kuliko yote, na yalioza kuliko yote. Gunia ambalo mawakala walikuwa wakiligombania likawa chakula cha nguruwe wa jirani.

Ndipo huko nyumbani chifu akapita na kipaza sauti kwenye gari, kwa sababu mikutano ilikatazwa. Serikali ya kaunti italipa mashamba. Wakulima wa viazi na maziwa walioharibiwa na corona watapata msaada, kila shamba lake. Bwana shamba, yaani afisa wa kilimo, atapita boma kwa boma. Atakayemkuta ni mkulima atampiga picha amesimama ndani ya shamba lake, na pesa itaingia kwenye simu ya huyo mkulima. Basi.

Nilijua tayari pesa yangu itafanya nini. Itanunua mtamba, ng'ombe jike anayekaribia kuzaa. Tulikuwa na nyasi, tulikuwa na banda, kilichokosekana ni ng'ombe. Akizaa, maziwa yatalisha nyumba, na mimi sitakuwa na sababu ya kusaini mkataba mwingine wa miaka miwili. Mpango wangu ulikuwa mfupi hivyo: mtamba, ndege, Kendi. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Nilihesabu kwamba nitafika kabla hajajua kwamba niliondoka.

Nikamuuliza Mkulima tufanyeje, maana sote wawili tulikuwa na mashamba huko na miili yetu huku, na ndege hazikuwa zinaruka.

"Rahisi," akasema. "Bwana shamba akija, tunaonekana kwa simu."

"Si chifu amesema atakayekutwa shambani?"

"Mama Kendi, shamba la nani lile?"

"Langu, nimekodi."

"Nani aliamua lipandwe viazi?"

"Mimi."

"Basi ukutwe. Usikubali mtu mwingine asimame mahali pako. Leo atasimama kwa picha, kesho atasimama kwa jumla."

Nikaona ana akili. Haya, nijicheke mwenyewe kabla hujanicheka.

Zamu yake ilikuja kwanza. Bwana shamba alikuwa njiani kwenda kwa Mutwiri, na Mkulima akataka aonekane kama mkulima. Akavua tai, akakunja mikono ya shati, akapandisha suruali mpaka karibu na magoti, akaenda kusimama kati ya miti ile mifupi ya kwenye vyungu vikubwa karibu na lifti. Mimi nikashika simu yake. Mimi ndiye nilikuwa mpiga picha. Nilimwambia hata asogee kushoto, ili majani yamfunike mkanda wa kampuni.

"Hujambo, Mzee!" Bwana shamba akatokea kwenye kioo, barakoa chini ya kidevu. "Ni nani huyu, Mutwiri?"

"Ndiye mwenye shamba," sauti ya Mutwiri ikasema.

"Mimi ndiye Mkulima," Mkulima akasema, na akashika jani kama anayelikagua.

Hapo lifti ikafunguka nyuma yake. Ikalia kengele, na sauti ya kike ya lifti ikatangaza ghorofa kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza.

Bwana shamba akasogeza uso karibu na kioo. "Mzee, huko shambani mna lifti?"

"Niko nje ya nchi kidogo," Mkulima akasema.

Niliposikia hilo neno "kidogo" nilibanwa na kicheko na picha ikaruka. Bwana shamba alicheka kwa adabu, akasema amefurahi kumwona, akakata. Na Mkulima akashusha suruali yake akiwa ameridhika kabisa. "Umeona? Ameniona kwa macho yake."

Baada ya kushuhudia haya yote, nikampigia mama nikamwambia: ukiulizwa mkulima ni nani, usiseme ni wewe. Sema ni mimi, kisha unipigie.

Mama yangu ni mtu wa kutii anapoamua kukuaibisha. Bwana shamba akamkuta amesimama katikati ya mistari ya viazi, jembe mkononi, udongo mpaka magotini. Hakuna mtu katika kaunti ile aliyefanana na mkulima kama mama yangu asubuhi ile.

"Mama, mkulima wa shamba hili ni nani?"

"Mkulima yuko kwa simu," mama akasema. "Ngoja nimtafute."

Nikatokea. Kofia, barakoa, shati jeupe, kipimajoto mkononi. Bwana shamba akanitazama kama mtu aliyechoka.

"Wewe ndiye mkulima?"

"Ndiyo mimi."

"Umepanda mbegu gani?"

"Shangi." Hiyo nilijua, niliilipia.

"Mvua imenyesha lini huku?"

Niliangalia nje. Sijui niliangalia nini. Nje ya mlango wangu kulikuwa na barabara nyeupe inayomeremeta kwa joto. "Jana," nikasema.

"Haijanyesha tangu Pasaka," mama akasema pembeni, kwa sababu yeye si mwongo.

Bwana shamba akapumua. "Dada yangu, msaada huu ni wa walio shambani. Wewe una mshahara wa Waarabu."

"Mshahara gani? Tunalipwa nusu! Basi mpige mama picha."

"Mama amesema yeye si mkulima."

"Mama, mwambie!"

"Ulinikataza," mama akasema.

Bwana shamba akaenda kwa jirani. Jirani alikuwa na mistari michache ya viazi nyuma ya choo, na alikuwa amesimama humo, kwa hiyo akalipwa.

Wengine walilipwa wiki ile ile, wengine baadaye. Shamba la Mkulima pia lililipwa. Pesa iliingia kwenye simu ya Mutwiri. Kumbe baada ya lifti kutangaza ghorofa, bwana shamba alizima simu, akamgeukia Mutwiri na kumuuliza nani hasa analima hapa, na Mutwiri akasema, "Ni mimi." Akapigwa picha. Hakusema uongo. Lakini ungemsikia Mkulima siku aliyojua! Alitembea ukumbi mzima, mtu asiye na mahali pa kwenda. "Ameniibia! Mikono imeniibia!" Akaapa kwamba ndege zikiruka tu anakwenda kumfukuza Mutwiri na mkewe na watoto wake na mbwa wake.

Mimi sikumwonea huruma. Nilimwambia, mbele ya walinzi wote, "Mzee, wewe shamba lako limelipwa. Langu halikulipwa hata na mwizi." Kisha nikaacha kumsemesha. Ni kazi ngumu kutomsemesha mtu mnayesimama naye mlango mmoja kutwa nzima. Nilikuwa nampita kwa kichwa juu kama balozi.

Mkataba ulipoisha, nikasaini mwingine. Ulipoisha huo, nikasaini tena. Hakukuwa na mtamba, kwa hiyo hakukuwa na ndege. Likizo yangu niliiuza kwa kampuni, pesa ikaenda kwa karo. Najua watu wanaosema serikali iliwafanyia hivi na vile, na mimi pia nimesema, tena kwa sauti. Kanuni gani ile ya kumwacha mwanamke aliyejaa udongo hadi magotini umlipe mwenye bustani nyuma ya choo? Lakini nikilala nasikia sauti ya mama, "Ulinikataza," na kaunti inabaki na sehemu ndogo sana ya lawama.

Halafu kulikuwa na jioni moja ya mapumziko. Nilikuwa kwenye ngazi zile zile za maegesho, naongea na nyumbani. Kendi alikuwa ameanza kung'oka meno.

"Mama, geuza simu," nikasema. "Geuza tena. Sio wewe, wewe nakujua. Nionyeshe meno yake. Mbona hilo limekaa hivyo? Anakula vizuri? Hebu nisikie akitafuna."

Mama akasema, "Halo? Umekatika?" Sikuwa nimekatika. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe. Nilitazama juu nikamwona Mkulima amesimama kwenye ngazi na kikombe chake, akisubiri zamu yake ya mtandao, na alikuwa amesikia yote. Kendi wakati huo alikuwa akimwita mama yangu "mama," na mimi aliniita Mama Doha. Nilikuwa nikiwaambia watu inachekesha.

Miaka michache kabla ya jioni hiyo, ndege ziliporuka, Mkulima alikuwa amekwenda kweli. Aliomba likizo yote aliyokuwa nayo, akaondoka na sanduku na hotuba ya kumfukuza Mutwiri, ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi mbele yetu. Akarudi mapema, kabla likizo haijafika nusu. Tukamuuliza, "Umemfukuza?" Akasema, "Shamba liko sawa," akavaa kofia. Nilichogundua ni kwamba sauti ya kwenye ngazi ilibadilika. Haikuwa tena geuza, niweke, nionyeshe. Ilikuwa, "Mutwiri, habari ya asubuhi. Wewe unaonaje?" Nilidhani amezeeka.

Mwaka huu kampuni ikamwambia umri wake umefika mwisho, hawamsainishi tena. Januari alikuwa amesema huu ndio wa mwisho, na kwa mara ya kwanza akawa mkweli, ingawa haikuwa kwa hiari yake. Ijumaa ya mwisho nilimkuta Mesaimeer baada ya ibada, ameketi kwenye ukingo wa maegesho na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na gambuti mpya, viatu vya mpira vya matope. Amenunua gambuti Doha, mji usio na matope.

"Mzee, hizo huko nyumbani ziko kila duka."

"Nataka nifike nikiwa nazo."

Nikaketi. Nilikuwa na mambo yangu kichwani, kwa sababu Jumapili ile mudir alikuwa anatusubiri na mikataba mipya. Sikumwambia. Yeye akaanza kuongea bila kuulizwa, na hakuongea kwa ile sauti ya ukumbi.

"Nilipofika langoni ile likizo," akasema, "mbwa akanizuia. Mke wa Mutwiri akatoka. Hajawahi kuniona na suruali, ananijua uso tu, na uso wenyewe ulikuwa na barakoa. Akaniuliza, 'Unatafuta nani?'"

"Ukasema nini?"

"Nikasema namtafuta Mutwiri."

Nilitaka kucheka. Sikuweza.

"Walinipa kikombe kizuri, Mama Kendi. Kile cha wageni. Asubuhi nikatoka kwenda mtoni, nikapotea. Kwenye simu mto uko kushoto siku zote. Kumbe Mutwiri husimama mahali pamoja tu penye mtandao. Nililijua shamba langu kutoka mahali hapo pamoja. Nikimgeukia ng'ombe, anarudi nyuma. Sauti yangu anaijua, mimi mwenyewe ananiogopa."

"Na zile pesa za corona?"

"Alinunua chakula cha ng'ombe. Si mimi nilikuwa situmi kitu? Nilikuwa nanunua kadi ya simu nimwambie aongeze chumvi." Akaufunga ule mfuko, akaufungua. "Hotuba yangu sikuitoa. Sasa ananiachia nyumba ya mbele. Tumekubaliana nitakuwa namuuliza yeye."

Waganda walikuwa wanapiga picha mbele yetu, wamependeza.

"Kendi ana miaka mingapi?"

"Nane."

"Bado analia ukikata simu?"

"Aliacha zamani."

Akanigeukia. Ni mtu aliyenishauri vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kufungua mdomo mbele yangu. "Basi fanya haraka," akasema.

Nikamwambia kwa hasira, "Ng'ombe sina, Mzee! Nitarudi kufanya nini?"

"Sijui," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akainuka, akachukua gambuti zake, akaniaga kwa mkono, akaenda kutafuta basi.

Jumapili mudir alinisukumia karatasi na kalamu. Nikamwambia sisaini. Akadhani nataka nyongeza, akaniambia hakuna nyongeza. Nikamwambia sitaki nyongeza, khalas, narudi. "Utafanya kazi gani?" akauliza. Nikasema viazi. Akaandika hivyo pembeni, sijui kwa nini, kisha akaita aliye nyuma yangu.

Nikampigia mama kutoka barabarani, kwenye jua.

"Narudi nyumbani."

"Nani amekufa?" mama akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Narudi tu. Kabisa."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu akipiga mswaki au kuchota kitu, nikajizuia nisimwambie ageuze simu.

"Hujui kukamua," mama akasema.

"Na ng'ombe mwenyewe hatuna."

"Hata huyo hatuna." Nadhani alicheka. "Kendi yuko shambani, anaokota viazi. Ngoja nimwite umwambie mwenyewe."

"Usimwite, mama," nikasema. "Nitamkuta."